Talaka Yenye Jalada la Kijani

Mama mkubwa wangu anajalidi vitabu. Ni dada wa kwanza wa mama yangu, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka thelathini na moja katika chumba kile kile kirefu, chenye dirisha moja linalotazama barabara na harufu ya gundi inayokufuata mpaka kwako. Meza yake ya mbao imebonyea pale anapoweka viwiko. Wanafunzi humletea tasnifu zao zikiwa zimebaki siku mbili za kuziwasilisha, maofisi humletea madaftari makubwa ya kumbukumbu, na watu binafsi humletea vitabu vilivyovunjika mgongo, wakivishika kwa mikono miwili kama wanaopeleka mgonjwa kwa daktari. Mtaani wanamwita Bi Jalada, na yeye hulipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kila kitu hushona kwa mkono. Hukunja karatasi mafungu mafungu, hutoboa matundu matano kwenye kunjo la kila fungu, kisha hushona fungu juu ya fungu kwa uzi uliopakwa nta, akihesabu kwa kunong'ona. Ukimkatiza, hakugombezi. Anafumua kurudi pale alipokuwa na uhakika, anaanza tena. Anasema kitabu kilichokosewa mshono mmoja hufunguka hapo hapo kila ukikishika, kama mtu mwenye siri.

Mume wake, baba mkubwa, ni mtangazaji wa kituo cha mabasi. Hukaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ngazi, mbele ya kipaza sauti, na kuwaambia watu basi gani linaondoka na mtoto wa nani amepotea. Ana sauti nzito, safi, isiyomeza silabi hata moja. Mtu aliyepoteza mzigo akiisikia hutulia hata kabla mzigo haujapatikana. Watu wanamwita Spika. Shida ilikuwa kwamba Spika hakujua namna ya kuizima sauti ile akirudi nyumbani.

"Maji ya kuoga yamechemka!" alikuwa akitangaza kila asubuhi kutoka jikoni, katika nyumba ya vyumba vitatu. "Ambaye hajaoga anaombwa kuelekea bafuni mara moja!"

"Tuko wawili tu humu," mama mkubwa angemjibu kutoka sebuleni. "Na wewe umeshaoga. Unamtangazia nani?"

"Namtangazia anayehusika!"

Zamani matangazo hayo yaligawanywa. Walikuwa na binti mmoja, na mimi nilikuwa nikienda kwao kila likizo, nikicheka mpaka mbavu zinaniuma. Lakini binti aliolewa akahamia mbali, mimi nikapata kazi maktaba, na matangazo yote yakabaki na msikilizaji mmoja tu, tena msikilizaji anayehesabu.

Asubuhi moja alikuwa sebuleni anamalizia daftari la kurasa mia nne la ofisi ya usajili wa vizazi. Alikuwa ameanza kuleta kazi nyumbani kwa sababu dirisha la sebule lilikuwa na mwanga mzuri kuliko la karakana, na macho yake yalikuwa yanamsaliti. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto likiwa limezidi. Daktari alikwisha kumpangia upasuaji baada ya miezi miwili, kwa bima ya mwajiri wa baba mkubwa, ambamo aliandikishwa kama mke. Alikuwa kwenye fungu la ishirini na tatu, sindano iko ndani ya kunjo, uso umekaribia karatasi kiasi cha kuinusa.

"Chai iko tayari!" ikanguruma sauti kutoka jikoni. "Abiria wote wa chai wanaombwa kuingia!"

Mkono ukaruka. Sindano ikazama kwenye kidole gumba, na tone la damu likadondokea ukurasa mweupe ambao ulikuwa unangoja majina ya watoto wachanga. Mama mkubwa aliitazama damu ikinywewa na karatasi. Hakupiga kelele. Alichomeka sindano kwenye kimto chake, akaenda jikoni, akasema, "Nataka talaka."

"Talaka ya saa ngapi?" akauliza baba mkubwa, maana ulimi wake ulikuwa bado uko kazini.

Alijua papo hapo kwamba lile lilikuwa jibu baya kuliko yote aliyowahi kutoa katika miaka ishirini na tisa ya ndoa. Lakini lilikuwa limeshaondoka, na yeye anajua kuliko mtu yeyote kwamba basi likishaondoka halirudishwi.

Siku ya tatu wakanijia maktaba, wote wawili, wamevaa kama wanaokwenda harusini.

"Usifikiri tumegombana," alisema mama mkubwa. "Tunaachana tu."

"Kwa amani," alisema baba mkubwa, na wasomaji wa meza tatu wakainua vichwa. Nikaweka kidole midomoni. "Kwa amani," akarudia, safari hii kwa mnong'ono ambao ulisikika meza mbili tu.

Walitaka niwaandikie ombi la kupeleka mahakamani, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Kusema kweli mimi ni msomi wa kupanga vitabu kwenye rafu, na mtu akiniangalia sana maneno hunipotea. Sikuwauliza swali lolote. Nilishukia rafu ya sheria, nikapata kitabu chenye mfano wa ombi la talaka kwa maridhiano, nikaunakili wote, nikabadilisha majina na tarehe, nikasahihisha nukta na mikato. Nilijivunia sana ile mikato. Maana ya maneno sikuisoma.

Kurasa tisa, nakala tatu. Nilimkabidhi mama mkubwa Ijumaa jioni zikiwa karatasi huru, zimeshikwa kwa kibanio.

Jumatatu asubuhi tulipokutana nje ya mahakama, alinionyesha. Alikuwa amezijalidi. Kila nakala ilikuwa na jalada gumu la kitambaa cha kijani, pembe zimekazwa, mgongo umeviringwa vizuri, na mbele, kwa herufi za dhahabu, OMBI LA TALAKA. Kwa kuwa kurasa zilikuwa chache mno kusimama zenyewe, alikuwa ameziongezea karatasi nyingi tupu, ili kitabu kipate unene wa heshima.

"Nilishindwa, mwanangu," aliniambia. "Karatasi huru hazipelekwi kwa hakimu. Ni kama kwenda na kanga moja."

Baba mkubwa alikuwa ameshika nakala yake kifuani. "Imependeza mno," alisema kwa huzuni. "Hata natamani kuisoma."

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba chenye kaunta ndefu na rafu za mafaili mpaka darini. Nyuma ya kaunta alikaa karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mbele yake mashine ya kutobolea karatasi, kubwa kama ya fundi wa vyuma. Mama mkubwa aliziweka nakala tatu juu ya kaunta.

"Hiki nini?" akauliza karani.

"Ombi letu."

"Hapana, mama yangu. Ombi nalijua. Hiki ni kitabu." Alikifungua taratibu. "Jamani. Kina hata utepe wa kuwekea alama."

"Ili hakimu asipotee njiani."

Karani alipitisha mkono juu ya jalada, akamwita mwenzake aje aone, na mwenzake akamwita mwingine. Wakasimama watatu wakikipapasa. Kisha karani akavua miwani.

"Mama, umefanya kazi nzuri kuliko yote iliyowahi kufika hapa, na siwezi kuipokea. Faili la hapa linatobolewa matundu mawili, linafungwa uzi, na kila siku linaongezwa karatasi. Hiki nitakiongezea wapi? Kitabu chako kimekwisha, na kesi yenu haijaanza. Kakifumueni, mniletee karatasi huru. Nafunga saa tisa."

Ilikuwa saa nne. Tukarudi karakana.

Kujalidi kitabu ni kazi ya mtu mmoja, lakini kukifumua bila kuvuruga kurasa kunataka wawili. Mmoja hukata uzi na kuchomoa karatasi. Mwingine huita namba ya ukurasa na mstari wake wa kwanza, ili wote wawe na hakika hakuna kilichopotea. Kila kitabu cha zamani kinachokuja karakana kutengenezwa upya huanza hivyo. Mimi nilijitolea kuita.

"Sikusikii, mwanangu," alisema mama mkubwa baada ya ukurasa mmoja. "Unaongea kama unaiba. Mwachie mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa baba mkubwa. Ndivyo walivyokuwa wakifanya tangu ujana wao, siku zake za mapumziko. Yeye akiita, mke wake akichomoa, na kazi ya siku mbili ikiisha kabla ya mchana. Alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akakohoa, akaanza.

"Ukurasa wa kwanza! Katika mahakama ya wilaya!"

Kisu kikapita, uzi ukakatika, karatasi ikatoka.

"Ukurasa wa pili! Kwamba wahusika walifunga ndoa wakiwa watu wazima na wenye akili timamu!"

"Hapo wewe walikuonea huruma," alisema mama mkubwa, na baba mkubwa akacheka kidogo. Mara mbili kisu kilikosa uzi kwa sababu jicho halikuuona, na mara mbili baba mkubwa, bila kuacha kuita, alisogeza kitabu kuelekea mwanga. Nilikuwa nimekaa pembeni nikipanga karatasi, nikishangaa watu hawa wanaoachana wanavyofanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja.

"Ukurasa wa tano! Kuanzia tarehe ya talaka, mlalamikaji hatahesabika tena kuwa mke kwa jambo lolote, ikiwemo bima ya matibabu, urithi, na..."

Akanyamaza. Kisu nacho kikasimama.

"Rudia," alisema mama mkubwa.

Akarudia. Na alirudia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu wa kawaida anayesoma karatasi. Sikujua kama anayo sauti hiyo.

"Nani ameandika haya?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilitamani kuingia chini ya meza. "Mimi," nikasema. "Yalikuwa kitabuni."

Sikuwa nimewaza. Hata wao hawakuwa wamewaza. Kila mmoja alikuwa ameshughulikia upande wake, mimi mikato na mama mkubwa jalada, na hakuna aliyesoma kwamba talaka ile ingetoka kabla ya upasuaji, na kwamba siku ikitoka, kadi ya bima ingekuwa kipande cha plastiki tu. Bila upasuaji ule, daktari alikwisha kumwambia, baada ya mwaka asingeweza hata kutia uzi kwenye sindano.

"Basi tungoje," alisema baba mkubwa. "Macho kwanza. Talaka haikimbii, mabasi yapo mengi."

"Ningoje? Nijifanye mke mpaka nipasuliwe, halafu nifungashe niondoke? Sikulelewa hivyo. Sitaki kuolewa na kadi."

"Kwani umeolewa na kadi? Umeolewa na mimi."

"Wewe una kelele."

Baba mkubwa alifikiri. "Ni kweli, kadi haina kelele," alikubali.

Mama mkubwa alijikaza asicheke, akashindwa. Akafuta macho yake mabovu kwa ncha ya aproni.

"Nikuulize, bibie," alisema baba mkubwa, bado kwa ile sauti ya chini. "Unanichukia?"

"Nani kasema nakuchukia? Ningekuchukia ningekushonea ombi kwa uzi wa hariri?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka chumba kisichotangazwa. Nataka nikianza kuhesabu nifike mwisho, kabla haya macho hayajafunga. Basi. Mume sijasema simtaki. Kukaa nyumba moja ndiko kumenishinda."

Nje mtu alipita anauza ndoo. Kisha mama mkubwa akashika kisu. "Ita," alisema. "Karani anafunga saa tisa."

"Unataka tulipeleke hivyo hivyo?"

"Nataka tumwulize yule mama. Ana macho ya mtu aliyeona mengi."

Tulifika saa nane na nusu. Karani alizipokea karatasi, akazisawazisha, akainua mkono wa mashine yake ya kutobolea.

"Ngoja kwanza," alisema mama mkubwa, akamweleza yote: sindano, chai, macho, kadi.

Karani aliushusha mkono wa mashine bila kutoboa.

"Mimi si wakili, kwa hiyo sikushauri," alisema. "Nakuambia tu fomu zilizopo kwenye kabati langu. Kuna mlango mwingine, watu hawauulizi kwa sababu hawajui kama upo. Unaitwa kutengana kisheria. Ndoa inabaki. Mahakama inaandika kwamba kila mtu atakaa kwake, na hakuna wa kumlazimisha mwenzake arudi. Nani akae wapi, nani amtunze nani, mnakubaliana wenyewe, hakimu akiridhika anatia muhuri."

"Na mtu kuoa mwingine?" aliuliza baba mkubwa kwa wasiwasi, na benchi lote la waliokuwa wakingoja likageuka.

"Marufuku, mzee wangu. Wewe wala yeye. Bado ni mume na mke."

"Hilo halinisumbui," alisema mama mkubwa. "Mmoja amenitosha mpaka akamwagika."

"Na tukitaka kurudiana?" aliuliza baba mkubwa.

"Mnaandika, amri inaondolewa."

"Na tukitaka ile talaka yenyewe?" aliuliza mama mkubwa.

"Mlango ule uko pale pale. Hamtaukuta umefungwa kwa sababu mmepitia huu."

"Na bima?" nikauliza mimi. Lilikuwa neno langu la kwanza mle ndani, na lilitoka dogo sana.

Karani alinitazama juu ya miwani. "Hilo ndilo swali, binti. Hilo siwezi kulijibu. Kuna waajiri ambao kwao mke ni mke, na wengine wanataka mke anayelala nyumba hiyo hiyo. Leteni barua. Na kabla hamjajaza chochote piteni mlango wa tatu, dawati la msaada wa sheria, mwambieni mwanasheria asome kila mstari." Akazisukuma karatasi zangu kurudi upande wetu. "Kila mstari, sawa?"

"Sawa," nikasema, masikio yamenichemka.

Barua ile ilichukua siku tisa. Afisa wa utumishi wa kampuni ya mabasi hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, akauliza watu wa bima, watu wa bima wakaulizana wenyewe. Siku hizo tisa mama mkubwa alishona kwa kupapasa. Nilipita karakana kila nikitoka kazini, nikamkuta ameinamia kazi huku akitafuta matundu kwa ncha ya kidole. Hakulalamika. Ila siku ya saba aliniambia, "Nikiambiwa nichague kati ya macho na utulivu, nitachagua macho, nirudi kwenye matangazo. Lakini nitakuwa nimechagua kwa uchungu, na mtu akikaa kwako kwa uchungu mnaoza wote wawili."

Siku ya kumi, saa za mchana, tukiwa karakana, tulimwona baba mkubwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na karatasi mkononi, na magari yalikuwa mengi, na hakuwa na subira ya kungoja kuvuka.

"Tangazo!" alipaza sauti. Muuza magazeti akasimama. Kinyozi akatoka na mashine mkononi. "Mke wa ndoa halali ataendelea kuhudumiwa na bima, popote anapoishi, mpaka ndoa itakapovunjwa na mahakama! Nasoma kama ilivyoandikwa! Kuna muhuri!"

Kinyozi akapiga makofi bila kujua ni ya nini, na wengine wakafuata.

"Mtu mzima hovyo," alisema mama mkubwa mumewe alipofika mezani. Lakini alikuwa ameketi ghafla. "Sasa mtaa mzima unajua tunatengana."

"Walikuwa wanadhani tunaachana, bibie. Nimewasahihisha."

Hakimu aliyetusikiliza alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kugonga kalamu mezani. Alisoma makubaliano. Mwanasheria wa mlango wa tatu alikuwa ameyaandika upya kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Baba mkubwa angebaki nyumbani. Mama mkubwa angehamia chumba kilicho nyuma ya karakana. Angebaki kwenye bima, na mume wake ndiye angesaini karatasi za hospitali. Na Jumamosi baba mkubwa angekuja karakana kuita kurasa.

"Hili la Jumamosi," alisema hakimu, "lina haja ya kuwa ndani ya amri ya mahakama?"

"Mheshimiwa, lisipoandikwa atakuja kila siku," alisema mama mkubwa.

Hakimu akaandika kitu. Kisha akauliza kama hakuna tumaini la kuishi pamoja, kwa kuwa aliwaona wamekaa benchi moja na kugawana pipi. Mama mkubwa akamweleza habari za kuhesabu, fungu la ishirini na tatu, na damu kwenye ukurasa. Alieleza vizuri, lakini niliona hakimu bado anajiuliza kama kelele ni sababu ya kutosha.

"Na wewe, mzee, una la kusema?"

Baba mkubwa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajaza mapafu.

"MHESHIMIWA HAKIMU!"

Askari mlangoni alikaza miguu. Maji kwenye glasi ya hakimu yakapata mawimbi. Chumba cha pili mtu aliitikia, "Naam!"

Hakimu aliweka kalamu chini. "Keti, mzee," alisema. "Nimekielewa kiini cha shauri hili."

Amri ilitoka wiki ile ile.

Chumba cha nyuma ya karakana kilikuwa stoo ya karatasi. Tulikipaka rangi, tukaweka kitanda, jiko la mafuta, kabati na kiti kimoja cha kukaa mgeni. "Kimoja kinatosha," alisema mama mkubwa. Amri ya mahakama ilikuja ikiwa karatasi nne, matundu mawili, uzi wa kijani. Aliigeuza geuza, nikaona vidole vinamwasha. Mwishowe aliining'iniza kwenye msumari ukutani kama ilivyo. "Nimekwisha kuambiwa," alisema, "wanaweza kuongeza karatasi."

Upasuaji wa jicho la kushoto ulifanyika tarehe yake. Baba mkubwa alisaini palipotakiwa sahihi ya mume, akaombwa na muuguzi angojee nje kabisa, ng'ambo ya bustani, kwa ajili ya wagonjwa wengine. Baadaye mama mkubwa akapewa dawa ya kudondoshea jicho, matone mawili kila baada ya saa nne, bila kuruka. Hapo ndipo tukakwama. Akianza kushona, saa kwake hazipo, na daktari alikuwa amemruhusu kazi kidogo tangu wiki ya pili. Mimi simu yangu hulala kwenye droo mpaka maktaba ifungwe. Na jirani mmoja aliyejitolea alikuja mara moja, akasahau mara tatu.

"Niachieni mimi," alisema baba mkubwa Jumamosi ile, alipokuja kuita kurasa.

"Hutakuja hapa kila saa nne," alisema mama mkubwa. "Imeandikwa."

"Siji. Nimekwambia nakuja?"

Jumatatu nilikuwa na siku ya mapumziko, nikakaa karakana nikisoma. Mama mkubwa alikuwa anashona daftari jipya la ofisi ile ile ya vizazi. Jicho la kushoto lilikuwa wazi na safi, na alikuwa anaona matundu yake mwenyewe bila kuyapapasa. Alikuwa ananong'ona namba. Kituo cha mabasi kiko mitaa miwili kutoka hapo, na mchana kutwa sauti za vipaza sauti hupita juu ya mabati bila mtu kuzijali. Ilipofika saa sita kamili, ikaja.

"Tangazo! Mwenye dawa ya jicho la kushoto anaombwa kuitumia sasa hivi! Matone mawili! Asante kwa kusafiri nasi!"

Nikacheka mpaka kitabu kikanianguka. Baadaye nilisikia kwamba abiria wengi walijigusa macho, na mzee mmoja alipanda ngazi za kibanda kuomba naye atiwe. Meneja alimwita baba mkubwa ofisini kumkanya, akaelezwa habari yote, akasema basi, ila lile la kusafiri nasi liondolewe.

Lakini mle karakana, sauti ile ilikuwa imepita juu ya paa za mitaa miwili, imepungua njiani, ikatufikia kwa kiasi chake, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Mama mkubwa aliinua kichwa. Aliacha sindano ndani ya kunjo, akachukua kichupa, akatazama dari, tone la kwanza, tone la pili, akapepesa. Machozi ya dawa yalimtiririka hadi kidevuni, naye anatabasamu.

Nilimngoja afumue arudi nyuma, kama ilivyo kawaida yake akikatizwa.

"Ishirini na nne," alisema, akaendelea kushona.